Mafua ya Watoto: Siku ya Kungoja na Siku ya Kwenda Mbio

Wasomaji wetu, hapana nyumba yenye watoto isiyojua mafua. Mtoto hupiga chafya jioni, asubuhi pua yamchuruzika, usiku wa pili akohoa, na mama hapati usingizi. Aghalabu baada ya siku saba au kumi mtoto yule acheza tena uani kana kwamba hakuwa na neno. Kwa sababu hiyo wako watu wayadharauo mafua, husema, "Ni mafua tu, yataondoka." Tena wako wengine walio kinyume chao: mtoto akipiga chafya mara moja, wao huingia dukani kununua dawa za kila rangi, wakamnywesha zote pamoja.

Sisi twaona ya kuwa makundi haya mawili yote yamekosa njia. Mafua yenyewe hayana dawa ya kuyaondoa, wala hayaihitaji. Lakini nyuma ya mafua huweza kuja ugonjwa wa mapafu, ambao wazee waliuita kichomi na matabibu huuita nimonia. Nao dawa unayo, na usipoipata huua. Basi hekima ya mzazi ni kujua siku ya kungoja na siku ya kwenda mbio. Hayo ndiyo tupendayo kuyaeleza mwezi huu, ili baba na mama wayasome pamoja, na walimu wayafundishe.

Asili ya mafua

Watu husema tangu zamani kwamba mafua huletwa na baridi: mtoto amenyeshewa na mvua, au amelala bila blanketi, ndipo akapata mafua. Neno hili lina chembe ya kweli, walakini si kweli yote. Mafua huletwa na vijidudu vidogo mno viitwavyo virusi, visivyoonekana kwa macho, wala kwa hadubini ya kawaida. Virusi vya namna zaidi ya 200 vyaweza kuleta mafua. Ndiyo maana mtu aliyepona mafua ya mwezi huu aweza kupata ya namna nyingine mwezi ujao. Mtoto mdogo, ambaye mwili wake haujakutana navyo bado, aweza kupata mafua mara 6 au 8 katika mwaka mmoja, naye asiwe na kasoro yo yote. Mama asijilaumu kwa hayo, wala jirani asimlaumu.

Labda msomaji atatuuliza, "Kama baridi siyo asili yake, mbona sisi wa Njombe na Lushoto, au wa Limuru na Kericho, twakohoa zaidi katika miezi ya Juni na Julai?" Wakati wa baridi watu hufunga madirisha, huketi karibu karibu kuuzunguka moto, na watoto hulala wengi katika kitanda kimoja. Mmoja akikohoa, pumzi yake huwa ya wote. Baridi haizai mafua, ila huwakusanya watu mahali pamoja, na mafua hupata njia ya kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Tena mafua hupita kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya hewa: mtu akohoapo au apigapo chafya hurusha matone madogo, na aliye karibu naye huyavuta. Njia ya pili ni ya mikono: mtoto hupangusa kamasi kwa kiganja, kisha hushika kikombe, au mlango, au mkono wa mwenziwe, na huyo mwenziwe hujishika pua au macho, na mara vijidudu vimepata mlango wa kuingilia. Wengi huiogopa njia ya kwanza na kuisahau hii ya pili.

Homa ya mafua

Yafaa kutofautisha mafua haya ya kila siku na homa ya mafua, ambayo ni ndugu yake aliye mkali. Mafua ya kawaida huanza polepole, kwa chafya na kamasi. Homa ya mafua huja ghafula: mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi, jioni ana homa kali, atetemeka, kichwa na viungo vyamwuma, hataki chakula, na pengine hutapika.

Ugonjwa huu ulipata kuitikisa dunia nzima. Mwaka wa 1918, vita kuu vilipokuwa vikielekea mwisho, homa ya mafua ilienea katika nchi zote. Afrika ya Mashariki ilifikiwa kwa njia ya bahari, kisha ikapanda bara pamoja na magari ya moshi, askari na wapagazi wa vita, ikaingia hata vijiji vilivyokuwa mbali na njia kuu. Hesabu ya waliokufa ulimwenguni yakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 50. Nao wataalamu waliochunguza mabaki ya mapafu ya watu wa wakati ule wameona ya kuwa wengi wao hawakuuawa na homa ya mafua peke yake. Homa iliwadhoofisha mapafu, kisha vijidudu vya namna nyingine, ndivyo bakteria, viliingia kama wezi waingiavyo nyumba iliyovunjwa mlango, vikaleta nimonia.

Watu wa mwaka ule hawakuwa na silaha. Kirusi cha homa ya mafua ya binadamu hakikupatikana mpaka mwaka wa 1933, huko London. Penisilini, iliyo mama wa dawa zetu za kuua bakteria, iligunduliwa mwaka wa 1928, na ilianza kuwafaa wagonjwa wengi katika miaka ya 1940. Sisi wa leo silaha hizo tunazo. Hata hivyo kila mwaka watoto zaidi ya 700,000 walio chini ya miaka 5 hufa ulimwenguni kwa nimonia. Wako wanaokufa kwa sababu zahanati ni mbali, au dawa imekwisha. Lakini wako pia wanaokufa kwa sababu nyumbani hakuna aliyetambua ya kuwa mafua yamekwisha geuka kuwa jambo jingine. Hiyo sehemu ya pili i mikononi mwetu.

Kumlinda mtoto kabla hajaugua

Ngao ya kwanza ya mtoto ni ziwa la mama. Katika miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye tu, asipewe uji wala maji wala chai. Maana maziwa ya mama yana chakula na kinywaji, tena yana kinga ambayo mwili wa mama umejifanyia dhidi ya magonjwa ya pale pale nyumbani. Mama akiwa na mafua asiache kunyonyesha. Aoshe mikono, ajifunge kitambaa safi puani na kinywani, na kuendelea.

Ngao ya pili ni chanjo. Chanjo ya mafua ya kawaida haipo, kwa kuwa virusi vyake ni vya namna nyingi mno; lakini zipo chanjo za kuzuia yale yajayo nyuma yake. Chanjo ya kuzuia nimonia iletwayo na bakteria aitwaye nyumokoka imekuwa ikitolewa kwa watoto wachanga katika Kenya tangu mwaka wa 2011, na katika Tanzania tangu mwaka wa 2013. Chanjo za surua na kifaduro nazo huyalinda mapafu, kwa maana magonjwa hayo mawili huacha nyuma yake kifua kibovu. Mzazi aitazame kadi ya mtoto wake leo, asingoje kesho. Na akiona tarehe imepita, aende hivyo hivyo. Ama homa ya mafua, iko chanjo yake, na mtoto aliyetimiza miezi 6 aweza kuchanjwa kila mwaka. Mama mjamzito akichanjwa, kinga yake humfikia mtoto aliye tumboni na kumlinda miezi ya kwanza. Ulizeni hospitalini kama yapatikana kwenu.

Ngao ya tatu ni maji na sabuni. Mikono ioshwe kabla ya kula, kabla ya kumshika mtoto mchanga, na baada ya kupangusa kamasi. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi kilichotundikwa mlangoni, na kipande cha sabuni kandoni mwake, chatosha watu wote wa nyumba. Watoto wafundishwe kukohoa katika kiwiko cha mkono, si katika kiganja. Kitambaa cha kamasi cha mtoto mmoja kisimfute mwingine, nacho kifuliwe na kuanikwa juani. Na mgeni mwenye mafua ajapo kumtazama mzazi aliyejifungua, asione haya kumsalimu mtoto kwa mbali. Wala wenyeji wasione haya kumwomba hivyo. Kumpenda mtoto si kumpakata tu.

Ngao ya nne ni hewa safi. Moshi wa kuni na mkaa huunguza njia za pumzi za mtoto, na vijidudu hupata pa kushika. Imethibitishwa ya kuwa mtoto aishiye katika moshi wa jikoni hatari yake ya kupata nimonia yakaribia kuwa mara mbili ya mwenziwe. Basi mama asiinamie mafiga hali amembeba mtoto mgongoni, iwapo yuko wa kumshika. Kuni ziwe kavu. Jiko liwe na dirisha, au tundu la kutolea moshi; na kazi hii twawapa akina baba, maana kutoboa ukuta ni kazi ya nusu siku tu, na faida yake ni ya miaka. Na avutaye tumbako avutie mbali na nyumba.

Kumwuguza mtoto mwenye mafua

Ikiwa mtoto ana kamasi na kikohozi, lakini anyonya au anakunywa, acheza kidogo, na pumzi zake ni za kawaida, basi hii ndiyo siku ya kungoja. Walakini kungoja si kukaa bure. Kazi zake ni hizi.

Kwanza, mpeni vinywaji. Anyonyaye anyonye mara nyingi zaidi, hata kama ni kidogo kidogo, kwa kuwa pua iliyoziba humchosha. Aliyepita miezi 6 apewe maji yaliyochemshwa, uji mwepesi, supu au maji ya matunda.

Pili, safisheni pua. Chemsheni maji kikombe kimoja kikubwa, kama robo lita, tieni chumvi nusu ya kijiko kidogo cha chai, yaacheni yapoe. Dondosheni matone mawili matatu katika kila tundu la pua, ngojeni kidogo, kisha futeni kamasi kwa kitambaa laini. Fanyeni hivyo kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku.

Tatu, tulizeni kikohozi. Mtoto aliyetimiza mwaka 1 aweza kupewa asali, nusu ya kijiko cha chai au kijiko kizima, peke yake au ndani ya maji ya uvuguvugu yenye ndimu. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka asionjeshwe asali hata kidogo, kwa maana pengine huwa na vijidudu viwezavyo kufanya sumu ndani ya matumbo machanga na kumlegeza mtoto viungo vyote.

Nne, homa ikimsumbua, mvueni mablanketi mengi, mwacheni na nguo nyepesi, na mpeni parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama mganga au mwuza dawa aliyesomea alivyoandika. Msipitishe kipimo hicho, wala msiwape watoto aspirini, kwa kuwa homa ya mafua na aspirini vikikutana ndani ya mtoto vyaweza kumharibu ini na ubongo. Tena katika nchi zenye malaria, homa isihukumiwe kwa kukisia. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo au ya pili yake. Maana wengi wamesema "ni mafua" na kumbe ni malaria, na wengine wamesema "ni malaria" na kumbe ni kichomi.

Tano, mlisheni. Mgonjwa hali sana, basi apewe kidogo kidogo mara nyingi. Na akiisha kupona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa muda wa wiki 2, apate kurudisha mwili wake.

Mambo ya kuachwa

Yako mambo yafanywayo kwa mapenzi, nayo huleta msiba. Twayataja wazi wazi, si kwa kumdharau mtu, bali kwa kuwa tunawapenda watoto.

Msiwape watoto mafuta ya taa kwa ajili ya kikohozi, wala msiwatie mafuta ya namna yo yote puani. Mafuta huteremka mapafuni na kuleta nimonia yenyewe. Msiwafunike watoto kwa blanketi juu ya sufuria ya maji yachemkayo. Faida yake ni ndogo, na watoto wengi wameunguzwa kwa njia hiyo.

Msiwapeleke watoto kukatwa kilimi, jambo ambalo wengi huliita kukata kimeo. Kile kinyama kilicho nyuma ya koo si ugonjwa, ni kiungo alichozaliwa nacho kila mtu. Kikohozi hakitoki huko. Lakini kidonda kile huweza kutoka damu isiyokoma, au kuoza, au kuingiza vijidudu vya pepopunda. Na mtoto aliyekuwa na mafua ya siku saba akazikwa kwa ajili ya wembe.

Msinunue dawa za maji za kikohozi na kuwapa watoto wadogo kwa kufuata rangi ya chupa au maneno ya jirani. Dawa hizo haziyaondoi mafua, na nyingine huwaletea wadogo usingizi wa hatari. Mwaka wa 2022, katika nchi ya Gambia, Afrika ya Magharibi, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika figo. Na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo juu ya dawa 4 za maji za kikohozi na mafua zilizoonekana kuwa na sumu ndani yake. Watoto wale walinyweshwa na wazazi waliowapenda.

Wala msiwape antibayotiki zilizobaki kabatini tangu mwaka jana. Dawa hizo huua bakteria, haziwezi kuua virusi vya mafua. Azitumiaye ovyo huwafundisha bakteria kuzizoea, na siku zitakapohitajiwa kwa kweli hazitafanya kazi. Zisubiri siku yake. Nayo siku hiyo twaieleza sasa.

Jinsi ya kuhesabu pumzi

Nimonia ina alama ambayo kila mzazi aweza kuiona bila chombo cha daktari. Mapafu yaliyojaa ugonjwa hayatoshi tena kwa pumzi za kawaida, basi mtoto huhema mbio mbio. Alama hii hutangulia nyingine nyingi, naye aijuaye huwahi.

Ngojeni mtoto atulie. Asiwe analia, wala ananyonya. Akiwa amelala usingizi ni vema zaidi. Mfunueni tumbo na kifua. Mmoja atazame saa yenye mshale wa sekunde, au simu ya mkononi, na mwingine amtazame mtoto. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabuni dakika nzima, msihesabu nusu yake na kuzidisha kwa mbili, kwa maana watoto hawahemi kwa kipimo kimoja.

Mtoto asiyetimiza miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Huyu ahesabiwe mara ya pili, na hesabu ikiwa ile ile, aondoke nyumbani.

Mtoto wa miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno.

Mtoto wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno.

Hesabu ikifika hapo, kungoja kumekwisha. Mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na mkisha fika mseme, "Tumehesabu pumzi zake, ni kadha wa kadha." Aghalabu mtoto asiye na alama nyingine mbaya hupewa amoksilini ya kunywa akarudi nyumbani. Hapo dawa imalizwe kama ilivyoandikwa, hata akiwa ameanza kucheza siku ya pili.

Tena ziko alama zisizohitaji hesabu, na mtoto aonekanaye na hata moja kati ya hizo apelekwe hospitali saa ile ile, ikiwa ni mchana au usiku wa manane: avutapo pumzi, sehemu ya chini ya kifua yaingia ndani badala ya kutoka nje, hawezi kunyonya wala kunywa, atapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea, hazinduki vema, midomo au ulimi umegeuka rangi, umekuwa kama buluu au kijivu, au koo lake hutoa sauti ya kukoroma avutapo pumzi hali ametulia. Na mtoto asiyetimiza miezi 2, homa yenyewe ni alama ya hatari, au mwili kuwa baridi isivyo kawaida. Huyu asingojewe hata kidogo.

Mwisho wa hayo, kikohozi kikipita siku 14, hata kama pumzi ni njema, mtoto aonwe na tabibu, huenda ni kifua kikuu au pumu.

Neno kwa akina baba

Wazee husema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nasi twaongeza ya kuwa mara nyingi maradhi hayafichwi, bali hungojewa. Mama ameona pumzi za mtoto zimezidi, naye angoja baba arudi safarini. Au angoja ruhusa ya bibi. Au angoja nauli. Au angoja kupambazuke. Kichomi chenyewe hakingoji.

Kwa hiyo twawasihi akina baba wafanye shauri mapema, wakati watoto wote ni wazima. Baba amwambie mkewe mbele ya watu wa nyumbani, "Ukiziona alama hizi, ondoka, usiningoje." Fedha kidogo ya nauli iwekwe mahali pajulikanapo, isiguswe kwa jambo jingine. Ijulikane ni jirani gani mwenye pikipiki au gari, na kama hapana, ni vijana gani watakaombeba mgonjwa. Shauri hili halina gharama kubwa, na nyumba iliyo nalo hupata saa nyingi ambazo nyumba nyingine hupoteza kwa kubishana mlangoni.

Neno kwa walimu

Walimu wetu, mafua hupenda shule kuliko mahali pengine. Madirisha ya darasa yafunguliwe hata siku za baridi. Mtoto mwenye kamasi tu aweza kusoma, lakini mwenye homa akae nyumbani mpaka ipite siku nzima bila homa na bila dawa ya kuishusha. Kila mtoto awe na kikombe chake. Na mwalimu aonapo katika daftari la mahudhurio kwamba watoto wengi hawapo kwa homa na kikohozi, awape habari watu wa zahanati mapema.

Lakini liko jambo moja kubwa zaidi tunalowaomba. Wengi wa wale mnaowafundisha hesabu asubuhi ndio wabebao wadogo zao mgongoni alasiri, mama akiwa shambani au sokoni. Wao ndio wasikiao kwanza mtoto akihema vibaya. Basi, katika somo la hesabu, wapangeni wawili wawili. Mmoja ashike saa, na mwingine ahesabu pumzi za mwenziwe kwa dakika nzima, kisha wabadilishane. Waandikeni ubaoni zile hesabu tatu, 60, 50 na 40, pamoja na umri wake, na wazijue kwa moyo kama wajuavyo jedwali la kuzidisha. Somo hilo ni la robo saa tu.

Nanyi wenye nyumba, kateni hesabu hizo tatu katika ukurasa huu, mzibandike ukutani karibu na kitanda cha mtoto, mahali ambapo hata mgeni au mtumishi ataziona. Na usiku wa leo, watoto wakiisha kulala, mfunueni mmoja aliye mzima, mkahesabu pumzi zake pamoja. Atakayekwisha kuzijua pumzi za mtoto wake akiwa mzima, hatakosa kuzitambua siku zitakapobadilika.